Kipaji kinataka banda: sanaa ya kusini haijawahi kuwa kazi ya mtu mmoja

Kila ukisikia kiongozi au mtu wa kampuni anaongelea sanaa hapa kwetu Mtwara neno la kwanza ni kipaji. Kuibua vipaji, kuinua vipaji, shindano la vipaji. Linafungwa turubai, zinaletwa spika kubwa, vijana wanapanda jukwaani mmoja mmoja, anapatikana mshindi, anapewa hela na fulana, picha zinapigwa na turubai linafunguliwa. Wiki inayofuata mshindi karudi kwao Chikongola na yuko peke yake kama alivyokuwa mwanzo, hana wa kumuonyesha kazi, hana wa kumwambia hapa umepatia hapa bado. Sisemi mashindano ni mabaya, vijana wanafurahi na hela inasaidia, ila mimi naona tumeangalia sehemu ambayo sio, kwa sababu ukifuatilia sanaa iliyotoka huku kusini, ile ambayo imefika duniani kweli kweli, hukuti mtu aliyeibuliwa. Unakuta banda. Unakuta watu wamekaa sehemu moja wanafanya kazi wanaonana, wanakosoana, wanagombana, wanachangia unga wa ugali, na katikati ya watu hao ndo anatokea mmoja ambaye jina lake linaandikwa.

We chukua Edward Saidi Tingatinga. Kazaliwa 1932 Tunduru, hapo jirani tu ukishapita Nanyumbu, kaenda kutafuta maisha kama vijana wa kusini walivyokuwa wanaenda zamani, mashamba ya mkonge Tanga, baadae Dar. Kuchora kaanza kama 1968 hivi, anatumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta zile zile za kupaka baiskeli, na mwaka 1972 polisi wakidhani wanafukuza wezi wakampiga risasi akafariki. Piga hesabu hapo. Ni kama miaka minne tu ya kuchora. Hakusoma chuo cha sanaa, hakuacha kitabu cha mafunzo, hakuwa na duka lake, na bado leo zaidi ya miaka 50 imepita mtindo wake upo, unauzwa, unafundishwa na una jina lake. Imewezekanaje?

Imewezekana kwa sababu hakuchora peke yake. Aliwaita ndugu na jamaa, akina Ajaba Abdallah, Adeusi, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata, wakawa wanakaa naye wanajaza rangi, wanajifunza kwa kutazama mkono wake unavyokwenda, na siku alipokufa wale walikuwa tayari wanajua. Wakaendelea. Wakashikana, wakagombana pia kama ndugu wanavyogombana, na mwaka 1990 wakawa ushirika kamili pale Oysterbay. Kama Tingatinga angekuwa fundi msiri anayejifungia chumbani, leo tungekuwa na picha zake chache kwenye nyumba za wazungu waliozinunua na basi, hakuna mtoto wa Masasi angejua kama kuna kitu kama hicho. Kilichookoa ule mtindo ni lile kundi lililokaa chini ya mti na yeye. Na hapo ndo hoja yangu ilipo, mtu mmoja anaweza kuanzisha kitu lakini anayekifanya kiishi ni kundi, na kundi linataka sehemu ya kukaa.

Sasa njoo kwenye vinyago, ambavyo ndo sanaa ambayo mtu akisema Mtwara inamjia kichwani. Nimekaa sana kwenye mabanda ya wachongaji, napenda tu kukaa pale hata kama sina cha kununua, na kitu ambacho mtu wa nje hakioni ni kwamba pale hakuna kazi ya mtu mmoja hata kama kila mtu ana gogo lake. Mpingo ni mti mkaidi. Unachukua miaka 70, mingine mpaka 100, kufika unene wa kuvunwa, umejipindapinda, nje una ganda jeupe jeupe la njano halafu ndani ndo kiini cheusi, na mara nyingi katikati kuna uwazi au ufa ambao huuoni mpaka umeshaingia na tezo. Ukiuacha juani unapasuka. Na kibaya zaidi kuchonga ni kazi ya kutoa, ukishatoa huwezi kurudisha, yaani kosa la asubuhi saa tatu linaweza kukufanya kinyago ulichopanga kiwe na watu saba kiwe na watu wanne, au gogo zima liwe kuni.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa kwenye kinyago unafanyika mwanzo kabisa, kabla ya patasi, kabla ya tupa na msasa na polishi, pale ambapo gogo bado ni gogo. Na pale ndo utaona banda linafanya kazi. Kijana analigeuza gogo lake analitazama, anachora kwa chaki, mzee wa pembeni bila hata kuacha kazi yake anamwambia mwanangu huo mkono ukiuweka hapo utakutana na ufa, lilaze hivi uone. Kijana anajibu babu lakini nikililaza kichwa kinakosa nafasi. Mwingine wa tatu anaingia, anasema geuza chini juu. Wanabishana pale, wanaligonga gogo wanasikiliza sauti yake, wanalipiga maji waone mistari, dakika kumi zinapita na uamuzi unatoka ambao ukiuliza ni wa nani hakuna anayeweza kusema. Kinyago kikiisha kitaitwa cha yule kijana. Ni sawa kiitwe chake maana jasho ni lake, lakini jicho lililokiokoa ni la watu watatu.

Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wanafikiri faida ya kundi ni kusifiana na kutiana moyo. Kutiana moyo kupo na kunasaidia, ila thamani yenyewe kubwa ni kuonwa kazi yako KABLA haijaisha. Mteja anaiona ikiwa imeisha. Jaji wa shindano anaiona ikiwa imeisha. Watu wa mtandaoni wanaiona ikiwa imeisha na imepigwa picha kwa pembe nzuri. Hawa wote wakikukosoa wamechelewa, huwezi tena kubadilisha. Anayeweza kukukosoa ukiwa bado unaweza kurekebisha ni yule aliyekaa pembeni yako ana gogo lake na yeye anajua ugumu wa mti ule ule.

Hata historia ya mitindo mikubwa ya Wamakonde inasema hivyo hivyo. Mtindo wa mashetani, yale maumbo yenye jicho moja na tumbo lililotoboka, anatajwa Samaki Likankoa kuwa ndo aliyeuanzisha miaka ya 1950. Mtindo wa ujamaa, ule mnara wa watu wamebebana, ambao wachongaji wenyewe waliuita dimoongo kabla ya siasa kuupa jina jipya, anatajwa Roberto Yakobo Sangwani. Wote watu wa asili ya ng'ambo ya Ruvuma, wote kazi zao zilipata nafasi Dar ambako kulikuwa na wanunuzi kama Mohamed Peera waliokuwa wanachukua kazi za wachongaji na kuwaachia nafasi ya kujaribu vitu vipya. Majina mawili. Lakini ukienda kuangalia hivyo vinyago vilivyojaa kwenye makumbusho na majumba ya watu duniani, vya mashetani na vya ujamaa, vimechongwa na mamia ya watu ambao kila mmoja kaongeza chake, huyu kapunguza unene, huyu kaweka mama na watoto, huyu katoboa katikati mpaka mwanga unapita. Mtu mmoja angechonga maisha yake yote asingeweza kufika huko.

Swali ambalo linaniuma mimi kama mtu wa huku ni hili, kwa nini hao wote wamekuwa wakubwa Dar? Tingatinga Dar. Mwenge Dar. Mtalii akitaka kinyago cha Kimakonde hapandi gari kuja Newala au Tandahimba, anakwenda Mwenge anamaliza. Wengi wanasema ni soko na kweli soko lipo. Barabara pia. Watu wa umri wangu wanakumbuka kabla ya daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji kufunguliwa 2003, safari ya Mtwara Dar ya kilomita zaidi ya 500 ilikuwa ni mtihani, pantoni pale Ndundu, mvua zikinyesha mnalala njiani siku kadhaa, sasa mnunuzi gani anakuja huko. Lakini siku hizi lami ipo, ndege inatua, simu zipo, kinyago unaweza kukipiga picha Mtwara kikanunuliwa Ujerumani, na bado mabanda hayajarudi. Kwa nini? Kwa sababu banda likishahama linahama na wazee wake, na wazee wakishahama kijana wa hapa anayetaka kujifunza inabidi na yeye awafuate. Soko linaweza kuletwa na barabara. Mzee wa kukaa pembeni yako haletwi na barabara.

Ndo maana naona huruma nikiona kijana mzuri wa kuchonga yuko peke yake barabarani anauza vinyago vidogo vya tembo na twiga. Mkono anao. Ila anachonga kile kile miaka yote kwa sababu hakuna mtu wa kumsukuma, na mti wenyewe anaoupata ni vipande vidogo maana gogo zima hawezi kulinunua. Hapa kuna jambo la hela ambalo hatuliongelei. Mpingo haukatwi ovyo, unataka kibali, unataka ushuru, unataka hati ya kusafirishia, unataka gari. Mtu mmoja mwenye tezo na patasi mbili hawezi hizo gharama, kwa hiyo ananunua mabaki, au anaingia kwenye njia za panya ambazo siku akikamatwa anapoteza mti na vifaa. Watu kumi wakichanga wanaweza kwenda kijijini wakanunua gogo kihalali. Na bahati nzuri sehemu ya kununua ipo, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuuza mazao yake, na huko Kilwa kuna vijiji vimefanya kazi kubwa sana na MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, mwaka 2009 Kikole na Kisangi vikapata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, misitu ya asili ya kwanza Afrika nzima inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe kupata cheti hicho. Mpingo wa hapo unatakiwa na watengeneza klarineti na obo wa Ulaya. Vizuri, wanakijiji wapate hela. Ila mimi natamani siku moja sehemu ya mpingo wa Kilwa uishie kwenye banda la wachongaji hapo hapo Kilwa Masoko, au Lindi mjini, badala ya wote kusafiri kama magogo.

Sasa mtu ataniambia mbona vikundi vipo vingi tu, kila halmashauri ina vikundi. Ni kweli. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, imezaa vikundi kila mtaa. Na ndo hapo natofautiana na wanaosema kikundi ni kikundi. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo kina katiba, kina mwenyekiti, mhazini, akaunti benki, muhuri, kila kitu kwenye karatasi kiko sawa, lakini ukiuliza mnakutana lini kufanya kazi pamoja wanatazamana. Hela ikitoka inagawanywa, kila mtu anaenda na chake, marejesho yakianza watu wanakimbiana. Banda linakwenda kinyume chake. Kwanza watu wanafanya kazi pamoja miaka, wanajuana nani mvivu nani mlevi nani mkono wake mzuri, nani anaweza kushika hela, halafu karatasi zinakuja baadae sana kama zinakuja. Uaminifu wao umetokana na kazi. Wale wenzake Tingatinga walikaa chini ya mti miaka mingi ndo ushirika ukaja 1990, sisi tunataka kuanza na ushirika halafu tutafute watu wa kuwaweka ndani.

Mimi ningekuwa afisa utamaduni ningeanza na kuzunguka. Watu wanaofanya kazi pamoja tayari wapo, hawajajiandikisha tu. Wapo akina mama Mikindani na Msimbati wanaosuka ukili barazani jioni, wapo wafinyanzi huko juu kwenye uwanda wa Makonde, wapo vijana watatu wanaochangia kompyuta moja chumba kimoja Magomeni ya hapa Mtwara wanatengeneza biti za singeli. Hao ndo wa kuwauliza mnakosa nini.

Na nikitaja akina mama ngoja nikae hapo kidogo maana tukiongelea sanaa ya kusini tunawaruka. Angalia mkeka unavyotengenezwa. Mkeka mkubwa hausukwi mzima mzima, unasukwa ukili, yaani utepe mrefu, halafu tepe zinashonwa pamoja mpaka zinakuwa mkeka. Ukiwa na haraka, tuseme harusi imekaribia, wanawake wanne watano wanagawana, kila mmoja anasuka ukili wake. Sasa shida inakuja kwenye upana na kukaza. Mmoja akisuka kwa kulegeza na mwingine kwa kukaza, wakati wa kushona mkeka unavuta, unakunjamana, haukai chini. Kwa hiyo kabla hawajaanza wanakubaliana miyaa mingapi, rangi gani iko wapi, na kila baada ya muda wanalinganisha, wanaweka ukili juu ya ukili. Mwenye mkono mlegevu anaambiwa, da'ngu kaza hapo, na anakaza. Hakuna anayeona ameonewa. Kuna ustadi mkubwa sana hapo wa kufanya kazi yako iingiliane na ya mwenzio bila kupoteza mkono wako, maana mtu mwenye jicho bado anaweza kukuonyesha ukili wa fulani ni upi. Wataalamu wa miradi wanalipwa kufundisha watu kushirikiana na hapa barazani kitu kipo kila siku na hakijawahi kuitwa sanaa, kinaitwa kazi za mikono za akina mama.

Lakini nisiwe napamba tu. Makundi yana matatizo yake na mtu anayeyapenda anatakiwa kuyasema. La kwanza ni kunakiliana. Nenda sehemu yoyote inayouza picha za tingatinga utakuta twiga yule yule, Kilimanjaro ile ile, Mmasai yule yule, kwa sababu mmoja akiuza picha moja wenzake wote kesho wanaichora. Kukaa pamoja kunafanya ujifunze haraka na kunafanya pia uogope kuwa tofauti, hasa njaa ikiwepo. Naona tofauti iko kwenye jambo moja, kama ndani ya kundi kuna mtu ambaye wenzake wanamheshimu na bado anajaribu vitu vipya, kundi zima linasogea. Kama mwenye sauti kubwa ni yule anayeuza sana, kundi zima linabaki pale pale. Kwa hiyo kundi linahitaji wazee wa kazi, na mzee wa kazi sio lazima awe mwenyekiti.

La pili ni mlango. Uchongaji wetu umekuwa wa wanaume tangu zamani, na vinyago vya mapiko vilikuwa vinachongwa kwa faragha wanawake wasione, kile cha kuvaa kichwani kwenye ngoma ya jando ambacho mtoto anaambiwa ni mzimu. Ile siri ilikuwa na maana yake kwenye mila na siivunjii heshima. Ila banda la kuchonga vinyago vya kuuza halina siri hiyo, na bado binti akisema anataka kujifunza tezo anachekwa. Nimewasikia wazee wakisema mti ni mgumu kwa mwanamke, hao hao wanawake wanaolima korosho na kubeba magunia. Kundi linalofunga mlango kwa nusu ya watu linapoteza nusu ya mikono ambayo ingeweza kulisukuma mbele, na mikono hiyo imeshazoea michoro, tazama tu mitungi ya Wamakonde ilivyochorwa shingoni.

Ngoma sitaongea sana, kila mtu anajua ngoma ni ya watu. Ila kuna jambo moja. Sindimba ilipotolewa kijijini ikapelekwa kwenye majukwaa ya taifa na mashuleni nchi nzima ilipata umaarufu, na watoto wa Singida na Bukoba wameicheza, lakini kilichosafiri ni miondoko. Upigaji haukusafiri vizuri, maana pale kuna ngoma kadhaa za ukubwa tofauti zinaongea, na mpigaji anajifunza kwa kukaa miaka pembeni ya mpigaji mwingine, kuanzia kuwasha moto wa kukazia ngozi, kwenda kwenye ngoma ndogo inayoshika mwendo, mpaka siku anaachiwa kubwa. Siku hizi jando na unyago vinabanwa kwenye likizo ya shule, siku chache vimeisha, mtoto anatoka anajua nyimbo mbili. Ndo maana nalipenda tamasha la MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambalo lilianza hapa Mtwara 2008. Uzuri wake naouona mimi hauko jukwaani, uko nyuma ya jukwaa, pale vikundi vya vijiji tofauti vinapokaa kusubiri zamu na mpigaji wa Kimakua anamsogelea wa Kiyao anamuuliza hiyo umeipigaje, na wanaanza kugonga kwa vidole kwenye viti. Kama ningepewa bajeti ningeongeza siku mbili za hivyo tu, hakuna jukwaa, hakuna mgeni rasmi, watu wakae na ngoma zao.

Na hela ya vitu hivi sio ya kutisha. Banda la mchongaji ni nguzo, bati au makuti, kivuli kizuri, sehemu ya kufungia vifaa usiku na maji. Halmashauri zetu zinajenga vibanda vya biashara kila mwaka. Kiwanja kimoja Shangani au karibu na stendi, wachongaji wapewe bila kodi miaka ya mwanzo, wazee wawili watatu waliobaki Newala na Masasi waombwe waje wakae pale hata miezi michache baada ya korosho kuisha, walipwe posho ya kukaa tu na kufanya kazi zao, wasiambiwe wafundishe darasa. Wakae wachonge. Vijana watajisogeza wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo lazima liwekwe sawa mapema, nalo ni jina na mgao. George Lilanga ndo mfano wangu. Kazaliwa 1934 Kikwetu, huku huku kusini, kajifunza kuchonga kwa Wamakonde wenzake, kaenda Dar miaka ya 70, mjomba wake Augustino Malaba alikuwa anafanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa 1972, akamuingiza kwanza kama mlinzi. Mlinzi! Kwa kukaa pale na wasanii akawa msanii mkubwa, kazi zake zikazunguka Ulaya, Marekani na Japani. Baadae alipougua kisukari na kukatwa miguu, vijana waliokaa naye nyumbani wakawa wanafanya kazi chini ya maelekezo yake, yeye anachora mistari na kusimamia, wao wanajaza rangi, na jina linawekwa Lilanga. Alifariki 2005. Tangu hapo wanunuzi wanagombana ipi ni ya mkono wake na ipi sio, na bei inapanda na kushuka kwa swali hilo.

Mimi kwangu zile kazi ni za kweli, zimetoka kwenye nyumba yake na kwenye jicho lake. Ila wale vijana majina yao yalitakiwa yawepo nyuma ya ubao. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi iliyotungwa na watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo kisheria hakuna kizuizi, ni mazoea tu ya kuandika jina moja. Banda likianzishwa kesho, kitu cha kwanza kiwe daftari. Gogo limenunuliwa na nani kwa shilingi ngapi, nani katoa umbo kwa tezo, nani kamalizia, nani kapiga msasa, na kikiuzwa nani anapata nini. Msasa ulipwe pia, maana mara nyingi anayepiga msasa ni mtoto wa miaka 16 anayeambiwa anajifunza, anajifunza kweli lakini na yeye anakula. Halafu chini ya kinyago, pale kwenye kitako ambapo mnunuzi hutazama akikigeuza, yachongwe majina yote, hata kama ni matano.